Kosa Kwenye Fomu ya Mwenzi: Liseme Kabla Hujaulizwa

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, Bujumbura, si vigumu kukuta nyumba ambayo mume yuko Ottawa, mke yuko Liège, au mjomba amehamia Texas. Misukosuko imewatawanya watu wa Bujumbura kwa awamu: waliokimbia mauaji ya 1972 na kuzaa watoto wao Tanzania, waliokimbia vita vilivyoanza 1993, na wale waliovuka mipaka baada ya mgogoro wa 2015, ambao ukichanganya Warundi wa nchi nzima walizidi 400,000. Wapo walioondoka wakiwa wameshaoa, na wapo waliorudi kuoa. Kisha ikaja kazi ya kumwombea mwenzi viza ili nyumba iwe moja. Katika kazi hiyo hutokea jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini: fomu imeshatumwa, ada imeshalipwa, na sasa mmoja wao amegundua kuwa ndani yake kuna kitu kisicho kweli.

Pengine ni tarehe iliyogeuka, au jina lililokosa herufi. Pengine ni zito zaidi, kama ndoa ya zamani iliyorukwa au mtoto ambaye hakutajwa. Lolote liwalo, ushauri wa mtaani huwa mmoja: nyamaza, wakiona watauliza. Naandika makala haya kwa sababu ushauri huo unavunja nyumba za watu, na kwa sababu sheria za nchi tunakopeleka maombi haya hazisemi hivyo hata kidogo. Nchi hizo haziadhibu kosa la kalamu kama zinavyoadhibu udanganyifu, na mara nyingi kinachotenganisha mambo hayo mawili machoni pa ofisa ni nani alikuwa wa kwanza kulisema: wewe au yeye.

Kwanza tuone makosa haya yanatoka wapi, maana mengi hayatokani na uzembe. Yanatokana na fomu iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaoishi tofauti nasi.

Anza na jina. Fomu ya Marekani ya I-130, ambayo mume au mke aliyeko kule huijaza kumwombea mwenzake, inataka jina la ukoo, jina la kwanza na jina la kati. Mrundi hana jina la ukoo kwa maana hiyo. Baba anaweza kuitwa Ndikumana, mwanawe wa kwanza Irakoze, wa pili Niyonzima, kila mmoja na jina lake alilopewa siku alipozaliwa, na mama yao amebaki na jina lake mwenyewe baada ya kuolewa. Mtu akifika kwenye kisanduku cha jina la ukoo la mke huona ni lazima ajaze jina lake yeye mwanamume, akidhani ndivyo Wazungu wanavyotaka. Hapo fomu inasema jina moja na pasipoti inasema lingine. Kwa Waislamu wa Buyenzi kuna tabu ya pili: kitambulisho cha Burundi huandika kwa tahajia ya Kifaransa, Djuma, Amissi, Assumani, na cheti cha kambini Tanzania kiliandikwa Juma, Hamisi, Athumani. Ni mtu yule yule, lakini kompyuta haijui hivyo.

Tarehe nayo. Sisi huanza na siku, Marekani huanza na mwezi, Kanada huanza na mwaka. Aliyezaliwa tarehe 7 Aprili anajikuta amezaliwa tarehe 4 Julai, na hakuna aliyekusudia. Wapo pia waliopita makambini, ambao tarehe yao iliandikwa 1 Januari kwa kuwa siku waliyofika hawakuwa na karatasi yoyote na karani alihitaji kujaza nafasi. Baadaye wakapata cheti chenye tarehe ya kweli, na sasa wana tarehe mbili za kuzaliwa katika mafaili mawili ya serikali mbili.

Mahali pa kuzaliwa pamebadilika bila mtu kuhama. Buyenzi ilikuwa komuni ndani ya Mairie ya Bujumbura. Muongo uliopita komuni 13 za mji zikaunganishwa kuwa tatu, na Buyenzi ikawa zoni ndani ya komuni ya Mukaza. Kisha ikatekelezwa sheria ya Machi 2023 iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, na komuni kutoka 119 hadi 42. Mpangilio huo mpya ulishika nguvu na uchaguzi wa 2025. Mama aliyezaliwa na kukulia nyumba ile ile anaweza kuwa na hati tatu zinazotaja mahali pake kwa namna tatu. Ofisa aliye Brussels au Nairobi hana sababu ya kuyajua haya asipoelezwa.

Lakini chanzo cha makosa mazito kuliko yote ni tarehe ya ndoa. Sheria ya Burundi, yaani Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993, inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa usajili wa raia. Nikaha ya msikitini au baraka ya kanisani peke yake haitoshi, na mke wa pili hana nafasi katika sheria hiyo. Watu wengi waliishi miaka na miaka kwa ndoa ya dini au ya kimila tu. Mei 2017 marehemu Rais Pierre Nkurunziza akaagiza wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla ya mwaka kwisha. Watu walipanga foleni kwenye komuni. Ndiyo maana leo unakuta mtu na mkewe wana watoto waliozaliwa 2008 na 2011, ilhali hati yao ya ndoa ni ya 2017.

Sasa mtu huyo anajaza fomu. Ameulizwa alioa lini, anaandika mwaka wa nikaha, 2007, kwa sababu ndiyo ndoa anayoijua moyoni, ndiyo siku mahari ilipotolewa na wazee wakashuhudia. Kisha anaambatanisha hati ya 2017. Au anafanya kinyume: anaandika 2017, na kwenye swali la kama amewahi kuishi na mwenzi kabla ya ndoa anaandika hapana. Majibu yote mawili yanazaa shaka ambayo ukweli wenyewe haukuwa nayo. Sahihi ni kutoa tarehe ya kisheria pale inapoulizwa ndoa, na kueleza kwa barua kwamba mliishi pamoja tangu mwaka fulani kwa ndoa ya dini, mkaihalalisha wakati wa kampeni ya 2017. Maelezo hayo yanaipa ndoa nguvu mbele ya ofisa anayetafuta ndoa za hila, kwa kuwa yanaonyesha miaka kumi ya maisha ya pamoja.

Faili likiwa limeshaondoka, kila nchi ina mlango wake wa kurekebishia.

Marekani, ombi la I-130 huenda kwa idara ya uhamiaji, USCIS, na huko kosa hurekebishwa kwa barua yenye namba ya risiti pamoja na ushahidi. Wanaofungua ombi la pili kwa kuhofia la kwanza hulipa ada mara mbili na kuacha mafaili mawili yanayopingana. Ombi likikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, na mwenzi aliye Bujumbura hujaza fomu ya mtandaoni ya DS-260. Fomu hii ikishatumwa hujifunga. Mwenyewe hawezi kuifungua tena. Hapo ndipo watu hukata tamaa, na si lazima. Kituo kinaweza kuombwa kuifungua upya, na hata hilo lisipofanyika ofisa wa ubalozi anaweza kuirekebisha siku ya mahojiano. Kiapo cha kwamba yote yaliyomo ni kweli huliwa siku hiyo, mbele ya ofisa. Kabla ya kuinua mkono, sema: swali fulani limejazwa vibaya, jibu la kweli ni hili, na hati hii hapa.

Uzito wa jambo hili uko kwenye kifungu cha 212 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani. Aliyedanganya kwa makusudi kuhusu jambo lenye uzito katika uamuzi hufungiwa mlango maisha yake yote, na msamaha anaoweza kuuomba kupitia mwenzi wake hupatikana kwa kuthibitisha dhiki iliyopita kiasi. Lakini Baraza la Rufaa za Uhamiaji la nchi hiyo lilishaamua tangu 1960 kwamba mtu aliyejirudi mwenyewe na kusema kweli kwa wakati hahesabiwi kuwa amedanganya. Kwa wakati maana yake ni nafasi ya kwanza aliyoipata, kabla ofisa hajamwonyesha kwamba ameshajua. Ukisubiri atoe karatasi mezani ndipo useme “nilisahau,” umechelewa.

Ni kweli kwamba mlango wa Marekani wenyewe umebana. Tangu Juni 2025 Burundi imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza, na vizuizi hivyo vilikazwa tena mwisho wa mwaka huo. Hilo si sababu ya kuliacha kosa likae ndani ya faili. Faili husubiri kama mtu anavyosubiri, na siku litakapofunguliwa litasomwa kama lilivyoachwa.

Kanada ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu huko kuna kosa moja ambalo karibu halirekebishiki, nalo linawaumiza sana watu wetu.

Kanada haina ubalozi Bujumbura, na mtu anaweza kwenda mwanzo hadi mwisho wa safari hii bila kukaa uso kwa uso na ofisa yeyote. Kila kitu ni maandishi. Kosa la kawaida hurekebishwa kwa kupitia fomu ya mawasiliano iliyo kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi hiyo: unaandika namba ya faili, unapakia ukurasa uliosahihishwa, unapakia barua. Asiyefanya hivyo akakutwa, huandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, na maelezo yake yasipotosha huzuiwa kuingia kwa miaka mitano chini ya kifungu cha 40 cha sheria yao. Katika miaka hiyo mitano hawezi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Sheria hiyo haibagui aliyejaza fomu. Kama ilijazwa na shemeji, na rafiki wa mume, au na kijana wa duka la kuchapa na kutoa fotokopi, sahihi ni yako na mzigo ni wako.

Hayo ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni kanuni ya 117(9)(d). Kanuni hiyo inasema kwamba mtu anayehamia Kanada kwa ukaazi wa kudumu asipomtaja mwenzi wake au mtoto wake, naye asipopimwa na kukaguliwa kama mwanafamilia, basi hawezi kumdhamini tena mtu huyo baadaye. Haijalishi kama alinyamaza kwa hila au kwa hofu. Tazama jinsi inavyowapata watu wa hapa. Msichana aliyezaa kabla ya kuolewa, mtoto akalelewa na bibi yake Rumonge, hamtaji mtoto kwenye fomu kwa kuogopa wakwe watajua. Kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, Tanzania, akiwa ameandikwa kapera, akafunga nikaha wiki chache kabla ya ndege, hasemi kwa kuogopa safari itaahirishwa. Wote wanafika salama. Miaka miwili baadaye wanataka kuwavuta waliowaacha, na wanajibiwa kwamba kwa mujibu wa kanuni watu hao si wanafamilia wao.

Siwezi kuliandika hili bila uchungu, maana anayelipa ni mtoto ambaye hakujaza fomu yoyote. Serikali ya Kanada yenyewe iliona ukali wake: tangu Septemba 2019 imeweka utaratibu wa muda unaowaruhusu baadhi ya watu, hasa waliofika kama wakimbizi au waliodhaminiwa kama wenzi na watoto, kuwaombea waliokuwa hawakutajwa. Utaratibu huo umeongezewa muda zaidi ya mara moja, lakini ni wa muda, na anayetaka kuutumia amwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa huko asubuhi ya kesho. Kwa ambaye hajasafiri bado, dawa ni rahisi na haina mbadala: mtaje. Mtaje hata kama hasafiri nawe, hata kama hukai naye, hata kama fomu imeshatumwa na viza imeshatoka. Anayefunga ndoa akiwa ameshika viza anatakiwa na kanuni za Kanada kuiarifu idara kabla ya kukubaliwa kuingia kama mkaazi. Safari itachelewa miezi kadhaa, lakini mtoto hatapotea kwenye karatasi.

Kuhusu aibu ya ukwe, niseme moja kwa wanaume wanaosoma. Mke anayejua kwamba mumewe atampokea na mtoto wake hatamficha kwenye fomu. Muulize mapema, tena kwa upole, kabla hamjakaa mbele ya kompyuta.

Ubelgiji ina ubalozi hapa hapa Bujumbura, na uhusiano wake na karatasi zetu ni wa tangu enzi za ukoloni, mji huu ulipoitwa Usumbura. Lakini anayeamua ni Ofisi ya Wageni iliyoko Brussels, kwa kufuata sheria ya tarehe 15 Desemba 1980. Kwa mwenzi wa mgeni mwenye ukaazi Ubelgiji, ofisi hiyo ina miezi tisa ya kutoa uamuzi, na inaruhusiwa kuongeza miezi mitatu mara mbili faili likiwa na utata au ndoa ikitiliwa shaka. Kwa hiyo tarehe mbili zinazogongana zinaweza kuwagharimu nusu mwaka wa kuishi mbalimbali, hata kama mwisho wake viza itatoka. Nyongeza na masahihisho hupelekwa kupitia ubalozi au kupitia wakili wa mwenzi aliye Ubelgiji, yakiwa na namba ya faili. Pale ambapo karatasi za watoto hazieleweki, ofisi hupendekeza kipimo cha DNA. Na udanganyifu ukigundulika baada ya mtu kufika, kadi ya ukaazi inaweza kunyang'anywa.

Sasa nije kwa makomisyoneri, yaani madalali wa karatasi. Mtu akigundua kosa kwenye fomu, hawa ndio wa kwanza kumfikia na dawa yao: tutakutengenezea cheti kinacholingana na ulichoandika. Umeandika umezaliwa 1990? Utapata cheti cha 1990. Umesema hujawahi kuoa? Utapata hati ya ukapera yenye mhuri. Wanalipwa, na cheti kinapatikana. Mtu aliyekuwa na kosa la bahati mbaya sasa ana hati ya kughushi, na amelihamisha jambo lake kutoka kundi la makosa hadi kundi la jinai, Burundi na huko anakokwenda. Ofisa akiwa na shaka anaweza kuuliza kwenye daftari la komuni. Daftari lina kurasa zenye namba zinazofuatana, na cheti kisicho na nafasi yake humo hujulikana.

Fomu ndiyo inayotakiwa kufuata hati, na hati ifuate maisha ya mtu. Ikiwa hati yenyewe ndiyo iliyokosewa tangu mwanzo, kwa mfano karani aliandika jina la mama vibaya mwaka 1994, sheria ya Burundi ina njia yake: husahihishwa kwa hukumu ya mahakama, na hukumu hiyo huandikwa pembeni mwa hati ya awali. Inachukua muda na inahitaji mashahidi. Lakini nakala ya hukumu ikitiwa kwenye faili, ofisa anaona kosa, anaona lilivyosahihishwa, na anaona nani aliyesahihisha. Hilo linatosha.

Barua ya masahihisho haihitaji Kifaransa cha chuo kikuu wala Kiingereza cha wakili. Juu iwe na namba ya faili na majina ya wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, na tarehe zao za kuzaliwa. Kisha itaje fomu gani na swali gani, kilichoandikwa ni kipi, na kilicho kweli ni kipi. Sababu ielezwe kwa sentensi mbili au tatu za ukweli mtupu: nilidhani swali linauliza ndoa ya dini, aliyenisaidia aligeuza siku na mwezi, niliona aibu kumtaja mtoto. Ndiyo, hata aibu iandikwe, maana ofisa ni binadamu na amesoma uongo mwingi kuliko sisi. Hati za ushahidi ziambatane na tafsiri yake. Wote wawili wasome barua hiyo kabla haijatumwa, kwa sababu siku ya kuulizwa kila mmoja ataulizwa peke yake, na majibu yao lazima yatoke kwenye ukweli ule ule. Mwisho, watunze nakala na uthibitisho kwamba ilitumwa lini. Tarehe hiyo ndiyo kinga yao kubwa, kwani inaonyesha kwamba walisema kabla ya kuulizwa.

Iwapo kosa linahusu ndoa ya awali, mtoto, kesi ya jinai, au jina uliloishi nalo kambini, usiandike peke yako. Tafuta wakili aliyesajiliwa katika nchi unakopeleka ombi, au shirika linalosaidia wakimbizi bila malipo, umweleze kila kitu.

Na wewe ambaye faili lako liko mezani Nairobi au Brussels leo, na unajua kuna swali ulilolijibu vibaya, kaa na mwenzio kwenye simu jioni ya leo, mkubaliane ukweli ni upi, na barua hiyo itumwe wiki hii kabla hamjaitwa.